Kivuli cha Kituo cha Hospitali

Saa mbili asubuhi ya Jumanne, Mama Ndoo alikuwa amepiga magoti kwenye kituo cha basi mbele ya hospitali, anabandua chingamu chini ya benchi, lori la winchi lilipofika kukichukua kibanda.

Kibanda hicho alikifagia miaka kumi na moja. Kwa miaka mitatu ya mwisho jiji lilikuwa bado linaamua kiwe cha nani. Paa lilipovuja, baraza lilisema kibanda ni cha kampuni ya matangazo, na kampuni ikasema ni cha baraza. Bati lilipolegea, Mama Ndoo alipeleka taarifa kote kuwili, na kila upande ulimwelekeza kwa mwenzake kwa heshima zote.

Mwishowe kampuni ilichoka kuvutana, ikaja kubeba vyake. Vijana wa lori walifungua bati, nguzo na benchi, wakapakia, wakaondoka. Kivuli kilibaki.

Kilibaki pale pale chini, hatua nane kwa tatu, wala hakikuhama jua lilipohama. Kufika saa sita, watu kumi na watano walikuwa wamejipanga ndani yake.

"Wamesahau kivuli," alisema mzee mmoja mwenye gongo.

"Nyamaza, watarudi kukichukua," mkewe akamjibu.

Kesho yake dada yake Mama Ndoo alikuja kituoni, kama kila Jumatano, akitoka kusafishwa damu. Figo zake zilikuwa zimegoma, na siku hizo akisimama juani miguu ilimwisha nguvu. Aliketi kivulini, akavua viatu.

"Hiki kina ubaridi kuliko kile cha mwanzo," alisema. "Mdogo wangu, umekipiga deki?"

"Tangu alfajiri."

Alhamisi msimamizi wa usafi alileta barua ya kumwachisha kazi.

"Mama, jina lako limeandikwa kwenye kibanda namba kumi na nne. Na kibanda hakipo."

"Kivuli kipo."

"Kivuli hakina namba, mama yangu."

Alisikitika kweli, maana hakuwa mtu mbaya. Alimwachia ufagio.

Mama Ndoo aliendelea kuja. Lakini kivuli kikikanyagwa na umati kutwa nzima lazima kichakae, na baada ya wiki mbili kilianza kuchanika. Jua lilipenya kwenye nyufa, likawachoma watu mabegani. Alijaribu kukirowesha maji, haikufaa. Basi akaleta sindano ya kushonea magodoro na uzi mweusi, akaketi chini, akashona. Kilishonika vizuri, kizito kidogo kama turubai. Tatizo lilikuwa moja tu. Kila mshono ulikula upana wa vidole viwili.

Mwezi uliofuata madiwani walikijadili, baada ya suala la mbwa wazururaji. Mpima ardhi alisoma vipimo. Wakili wa kampuni alieleza kwamba kivuli ni cha paa, na paa ni lao. Mwanasheria wa jiji akajibu kwamba kimelala kwenye ardhi ya jiji, na mlalaji hamiliki kitanda. Watu walicheka. Kisha wakamwita Mama Ndoo atoe ushahidi.

"Nani anakitunza?" aliuliza mwenyekiti.

"Mimi."

"Kwa amri ya nani?"

"Dada yangu hawezi kusimama juani."

Karani aliandika: hakuna amri.

Uamuzi ulipatikana kabla ya chakula cha mchana. Kivuli kingekuwa cha kampuni asubuhi na cha jiji kuanzia saa saba. Matunzo yaliachiwa wananchi wenye mapenzi mema. Diwani mmoja alimfuata Mama Ndoo mlangoni, akaushika mkono wake uliojaa matundu ya sindano.

"Mama, watu kama nyinyi ndio nguzo za jiji hili."

"Asante, mheshimiwa. Na kazi yangu je?"

"Aa, hilo ni la idara nyingine."

Askari aliwekwa kukilinda. Siku ya kwanza alisimama pembeni, akamtazama Mama Ndoo akihangaika na tundu la sindano, macho yakimtoka machozi. Siku ya pili alimtungia uzi. Siku ya tatu naye aliingia kivulini, maana jua halijali sare.

Jumatano dada mtu alitoka hospitali akikokota miguu, mkono umefungwa bendeji. Abiria walijibana, wakampisha. Mama Ndoo alikuwa ndio kwanza amekata uzi kwa meno.

"Njoo ukae nawe," dada alisema, akipapasa chini kando yake. "Tutatoshana tu."

Mama Ndoo alihesabu. Walikuwa tisa, na goti la wa tisa lilikuwa nje.

"We kaa, dada. Basi si ndio linakuja."

Akajitanda kitambaa kichwani, akasimama juani. Basi lilifika baada ya dakika arobaini.