Mtihani wa Mama Monique

Ndugu wa tumbo moja naye ni wa kuchungwa, usidanganyike! Olivia alimwambia kaka yake waziwazi, jikoni kwao Makindye, Kampala: "Kaka Dady, Mama akiulizwa maswali, ajibu mwenyewe. Akikosea, mwache akosee." Dady akaapa kwa jina la Bwana.

Maana daktari wa utafiti alikuwa amewaeleza vizuri. Mama yao, Monique, ana Alzheimer, ugonjwa wa kusahau. Ndani ya ubongo kuna vimeng'enya vinavyochochea uvimbe, na uvimbe huo unaharibu chembe za kumbukumbu. Kulikuwa na dawa ya majaribio ya kuvituliza. Hakuna aliyeahidi kupona, lakini wangeipata wale tu ambao mtihani ungeonyesha kwamba wanasahau, na siku hiyo ndiyo ilikuwa ya mwisho ya kupima wagonjwa.

Basi walipofika hospitali, Mama Monique, anayetia chumvi kwenye chai na kumuulizia marehemu mumewe kila asubuhi, akajibu utadhani mwalimu. Leo siku gani? Akataja. Mwaka? Akataja. Mji? "Kampala, daktari!"

Olivia akaruka. "Daktari, nyumbani hata choo hakijui! Mimi ndiye ninayemwogesha!"

Daktari akamgeukia Dady. Naye Dady, bila haya, akasema, "Mama ni mzima. Dada yangu ana wasiwasi tu."

Nafasi ikaenda kwa mwingine.

Nje getini Dady alikuwa anachekelea. "Umeona? Wewe ukienda sokoni, mimi namfundisha. Umesahau interviu zetu za ukimbizi? Ukikosea swali moja, faili linatupwa. Majibu ndiyo yaliyotuokoa!"

"Wale walitafuta waongo, Kaka! Huyu alitafuta wagonjwa!"

Kicheko kikamkauka Dady. "Sasa nikubali waseme mama yetu kichaa?"

"Uliniapia. Halafu ukanifanya muongo mbele ya daktari." Olivia alilia kwa sauti, watu wakimtazama, wala hakujali. Uchungu wa kusalitiwa na mtu uliyekimbia naye vita, acha tu.

Mama Monique akaja taratibu, akamshika Dady mkono, akamkazia Olivia macho.

"Dady mwanangu, huyu mfanyakazi anakupigia kelele kwa nini? Mfukuze, tutapata mwingine."