Vitabu vya Ambroise Kilufya

Suzanne aliacha kusoma vitabu vya Ambroise Kilufya mchana mmoja, akiwa anatwanga sombe, majani ya muhogo, uani huku redio ya jirani ikisema kwa sauti kubwa.

Mpaka siku ile alivipenda kuliko hata mumewe, Philippe. Kilufya alikuwa mtu wa Kambove, na pale Panda, katika kambi ya wafanyakazi wa mgodi, hakuna aliyewahi kusoma mambo kama yake: msichana anayefungua mlango chini ya maji ya Lufira na kukuta mji ambao taa zake ni samaki, milima inayohama kwenda kutafuta kivuli. Vitabu vyake vilipita nyumba kwa nyumba mpaka majalada yakachanika. Colette, binti yao, alijifunzia kusoma humo.

Lakini Katanga ilikuwa imejitenga na Kongo, na redio ilitafuta watu wanaojua kusema. Kilufya alijua. Mchana ule alisema kwamba watu wa Kasai walikuja kama wageni, wamekula wameshiba, sasa wafunge vitu vyao warudi kwao. Alisema polepole, kwa maneno matamu, vile vile anavyoandika.

Suzanne alikuwa Mluba wa Kasai. Baba yake aliletwa kuchimba shaba kabla yeye hajazaliwa. Kasai yenyewe hakuwahi kuiona. Philippe alikuwa Msanga, mtu wa hapo hapo.

Philippe aliporudi kazini alimwambia, "Baba Colette, bile bitabu sitaki tena kubiona mu nyumba."

"Ile ni politiki, Mama Colette. Kitabu ni kitabu. Samaki ya Lufira haikufukuza muntu."

"Mwenye kuandika ile samaki ndiye anafukuza."

"Anasema tu," Philippe alisema, akavua viatu.

Kesho yake Suzanne alichukua kitabu kile cha mji wa chini ya maji, akapekua ukurasa kwa ukurasa akitafuta neno moja baya. Alitaka alipate, amwekee Philippe kidole pale pale. Hakulipata. Mji ule ulimpokea kila aliyebisha hodi, hata mamba. Suzanne alikifunga kitabu kwa hasira zaidi kuliko alivyokifungua. Kingekuwa kibaya, kazi yake ingekuwa rahisi.

Mwaka wa 1962, watu walipiga nyumba ya mama yake mawe siku mbili mfululizo. Mama na kaka yake, Evariste, wakapanda treni ya Kasai. Philippe ndiye aliyebeba mizigo mpaka stesheni, na alilia waziwazi, mbele ya askari. Wiki ile ile Suzanne alimkuta amekaa na Colette magotini, anamsomea Kilufya.

"Hata leo?"

"Mutoto analia juu ya kambo yake, mama yako," Philippe alisema. "Ni ile kitabu tu inamutuliza. Unataka nifanye nini?"

Suzanne alimweleza hayo jirani yake, Émérence, wakianika nguo. Émérence akacheka kidogo. "Dada, unajitesa bure. Ule muntu hajui hata kama umeacha kumusoma."

"Minye mwenyewe najua," Suzanne alisema.

Kisha shule ya Colette ikaamua kuonyesha mchezo wa kuigiza kwa sikukuu yake, na mchezo ulitoka katika kitabu kile kile. Colette alichaguliwa kuwa msichana wa mlango. Kilufya mwenyewe angekuja kutazama. Suzanne alikwenda kwa mwalimu, Ma Sœur Clémentine, akamwomba achague kitu kingine.

"Nionyeshe ingine ya Kiswahili, mama, yenye batoto banapenda," yule mtawa alisema, wala si kwa ubaya. "Minye niko na bitabu bya maisha ya watakatifu tu."

Suzanne akarudi nyumbani akashona gauni la bluu la Colette. Alilishona vizuri, kwa sababu mtoto hakuwa na kosa lolote.

Siku ya sikukuu Colette hakusahau hata neno. Watu walipiga makofi, na Suzanne naye alipiga. Baadaye Kilufya aliwafuata walipokuwa wamesimama. Alikuwa mtu mfupi, mpole, aliyevaa koti la kijivu. Alimwinamia Colette, akampa kitabu chake kipya.

"Uyu ni mutoto Mukatanga wa kweli!"

Philippe alitabasamu. Suzanne akasema, "Mama yake ni Muluba ya Kasai. Ni minye. Mama yangu alipanda treni, sababu ya bantu benye kusikiliza redio yako."

Waliokuwa karibu wakageuka. Suzanne alikuwa amejiandaa kwa hasira ya yule mtu. Badala yake Kilufya aliushika mkono wake kwa mikono yote miwili.

"Pole sana, mama. Lakini weye hauko kama bale. Weye uko wetu, kwa bwana yako."

"Na kama bwana yangu anakufa kesho, niko wa nani?"

Kilufya alicheka, kama mtu aliyesikia mzaha mzuri, akamgeukia Philippe, akampiga bega. "Uko na bibi mukali!" Kisha akaenda kusalimia wengine.

Walipokaribia nyumbani, Philippe alisema, "Alisema vibaya."

"Alisema vile vile alisema mu redio. Kule haukusikia?"

Colette alikuwa amekikumbatia kitabu kipya. "Mama, nisome ao nisisome?"

Suzanne alimtazama. "Soma. Lakini kwa Mama Émérence, hapana hapa."

Basi Colette alikisomea huko, na kupitia ukuta mwembamba kati ya nyumba zao mbili Suzanne alimsikia akicheka peke yake. Philippe hakukishika kamwe, wala hakugusa tena vile vya zamani. Majirani walimwambia Suzanne ameshinda. Yeye hakuona ameshinda nini. Mama yake alikuwa ameondoka kwa treni, na mumewe hakuona kosa mpaka yule mtu alipompiga bega yeye mwenyewe.