Mstari Unaanzia Wapi

Kila Februari Fergus Hallam, mshauri wa uwekezaji, alikwenda kwenye klabu ya wazee mjini Geelong kuwaeleza uchumi wa dunia unaelekea wapi na akiba ya uzeeni iwekwe wapi: hisa, hati fungani, majengo, au dhahabu kidogo ya kutulizia moyo. Na kila Februari marehemu Cliff Dunstan, mteja wake wa zamani, alikuja kumsikiliza.

Haonekani. Kiti cha karibu na dirisha hulia tu, kisha huja sauti yake kavu: "Kijana, mstari wako unaanzia wapi?" Hakuna mwingine anayeisikia. Fergus hujifanya hajasikia, akaendelea kusema.

Jibu alikuwa nalo. Mstari wa bei za hisa aliowaonyesha kwenye pazia la picha ulianzia siku soko lilipogusa chini baada ya anguko kubwa, ndiyo maana ulipanda tu. Wenzake wote wa kazi ile walichora hivyo, wala hawakuona haya. Hata mstari aliomwonyesha Cliff enzi zile ulianzia baada ya anguko lililotangulia. Cliff akaingiza kwenye hisa kila alichokuwa nacho, soko likaporomoka, akatoka mikono mitupu. Hakuumaliza msimu wa baridi ule akiwa hai.

Mwaka huu kiti kile kilikuwa na mtu. Dot Pascoe, aliyetoka kuuza nyumba yake, alikuwa ameketi hapo na kalamu mkononi, tayari kutia saini fedha yote iende kwenye hisa.

"Fanya haraka, mwanangu," alimtania. "Chai inapoa, na umri wangu hauna subira."

Watu wakacheka. Fergus naye akacheka, kisha akakisikia kiti kikilia, ilhali Dot hajajitikisa.

"Kijana, mstari wako unaanzia wapi?"

Akachukua kalamu nene, akaanza kuchora kushoto kwa mstari, akirudi nyuma, juu, juu zaidi, mpaka nje ya pazia la picha, kwenye ukuta mweupe. Msimamizi wa klabu akalalamikia rangi ya ukuta. Fergus akawaambia soko lilianguka kutoka kule juu, na likianguka tena, mtu wa umri wa Dot huenda asiwe na miaka ya kungoja lipande.

Dot akairudisha kalamu mkobani. "Basi nyingi ikae benki," alisema taratibu.

Fergus akashusha pumzi. Alidhani sasa Cliff atamwacha. Lakini kiti kililia tena, na sauti ikaja karibu zaidi, bila hasira hata kidogo.

"Umechora vizuri, kijana. Mimi mbona hukunichorea?"