Bi Alawiya Hatoki Mchana

Nilikuwa na miaka hamsini na mbili nilipotembea Lamu mchana kwa mara ya kwanza. Nimezaliwa mtaa wa Mkomani, nimeolewa Mkomani, nimefiwa na mume Mkomani, lakini njia za Mkomani nilikuwa sizijui. Usinicheke. Nyumbani kwa baba yangu binti hakanyagi njia jua likiwa limetoka. Usiku tulikwenda arusini kwa kundi, tumejifunika gubigubi, macho chini, tukiongozwa. Mchana tulipita juu, dari hadi dari, na penye njia katikati tulipita ndani ya wikio, kile chumba kinachovuka juu ya njia na kuunganisha nyumba mbili. Kwa njia hiyo niliweza kufika nyumba saba bila unyayo wangu kugusa mchanga. Baba alijisifu kwa jambo hilo, na mimi, mjinga, nilijisifu pamoja naye.

Alhamisi hiyo, mwaka wa sitini na sita, nilitakiwa nifike afisi ya serikali kule pwani kabla ya saa sita mchana. Nisipofika, nyumba yangu ingekuwa ya mtu mwingine.

Nyumba ni yangu kwa sababu Baba alinipa nilipoolewa. Ndiyo desturi yetu: binti hupewa nyumba, mwanamume huhamia kwa mkewe. Ndugu yangu Wazir anakaa mtaa wa Langoni kwa mkewe, na jambo hilo limemkaa rohoni tangu ujana. Mwezi wa Rajabu alikuja na karani wa serikali, Bwana Fanuel, mtu wa bara. Karani alikuwa na adabu zake. Alikaa dakani, pale penye viti vya mawe nje ya mlango, asivuke kizingiti. Wazir akaingia peke yake na karatasi na wino. Nilikuwa juu jikoni. Nilimsikia akifika kiwandani, ule ua wa ndani ya nyumba, akakaa kidogo, akatoka. Nilidhani amekuja kunywa maji. Kumbe alimrudia karani na alama ya kidole gumba, akamwambia dada yake amekubali kuuza. Kidole kile cha nani, Mungu ajua.

Habari niliipata Jumatano magharibi, kwa jirani yangu wa ng'ambo ya wikio, Bi Saadiya. Mumewe Kamaludin ndiye aliyeombwa awe shahidi wa mauzo. Mnunuzi ni mtu wa Mombasa, wala hataki kukaa. Anataka mlango na boriti, kuta ziachiwe mvua. Muhuri utapigwa kesho yake saa sita.

"Mwambie mumeo anisemee," nilimwambia.

"Nimemwambia. Asema haingii baina ya ndugu," Bi Saadiya akajibu, na machozi yakamtoka.

Mtu wa kumtuma sikuwa naye. Ummu, mtumishi wangu aliyenisemea mlangoni miaka yote, alikufa mwaka uliotangulia. Basi asubuhi nikavaa buibui, nikashusha kitambaa usoni, nikafungua mlango wa nje kwa mkono wangu mwenyewe.

Nilijiambia si mbali. Nikiwa darini kwangu naiona bendera ya afisi: unapita dari ya shangazi, dari ya Bi Saadiya, kisha mnazi mmoja, kisha bahari. Lakini huko chini bahari haikuwepo. Kulikuwa na kuta mbili ndefu zilizobabuka chokaa, na kijia ambacho punda wawili hawapishani. Nyumba nilizozijua kwa vyumba vyao vya ndani, kwa sahani zilizopangwa kwenye zidaka zao za ukutani, zilikuwa zimenigeuzia mgongo. Nilisimama chini ya wikio, nikatazama boriti zake, nikajiuliza kama ni hili nililolipita maisha yangu yote au ni jingine. Kwa chini yote ni mamoja, giza na popo.

Nikakata kulia, nikakata kushoto. Nikapita msikiti ambao adhana yake imeniamsha tangu utotoni, na sikujua kuwa ni huo mpaka nilipomsikia muadhini wake akikohoa kisimani. Nakiri pia kwamba kwa muda nilifurahi. Milango ile! Nilifika kwenye daka moja lenye mlango uliochongwa maua kutoka juu hadi chini, nikausifu moyoni, nikasema hapa wanakaa watu wa maana. Kisha nikaona uzi mweusi umenasa kwenye komeo. Ulikuwa uzi wa buibui langu. Nilikuwa nimezunguka saa nzima na kurudi kwangu, na mlango wangu mwenyewe sikuujua.

Hapo nikalia, kwa hasira zaidi kuliko huzuni.

"Mama, umepotea?"

Alikuwa mwanamke kijana, kichwa wazi, ana kikapu cha samaki. Aliniambia anaitwa Jerioth, mumewe ni polisi, wametoka bara miezi minne iliyopita.

"Naitafuta afisi ya serikali."

"Wewe ni mgeni hapa?"

"Nimezawa hapa," nikamjibu.

Alicheka kidogo, akidhani namtania, akanishika mkono. "Hata mimi nilipotea wiki ya kwanza. Fuata tu huu mfereji, mama. Maji machafu yote yanashuka baharini." Akanipeleka mpaka mlangoni pa afisi, tukaingia pamoja. Saa ya ukutani ilisema saa sita kasorobo.

Bwana Fanuel alikuwa mezani. Wazir alikaa kiti cha mbele, na Kamaludin kwenye benchi nyuma yake. Nikasema jina langu na jina la baba yangu, nikasema sikuuza, na kidole kile si changu. Bwana Fanuel akasimama kwa heshima, akanipa wino, nikabonyeza. Alilinganisha alama mbili kwa muda mrefu.

"Hazifanani," alisema.

"Ndiyo maana nimekuja!"

"Au ndiyo maana wewe si yeye, mama." Alisema kwa upole, na upole wake ndio unaoniuma mpaka leo. Akamgeukia Jerioth. "Unamfahamu?"

"Nimekutana naye leo asubuhi," Jerioth akasema, maana alikuwa mkweli. "Alikuwa amepotea huko Mkomani."

"Mwenye nyumba Mkomani apotee Mkomani?" Bwana Fanuel akawatazama wenyeji. "Nani hapa anamjua Bi Alawiya kwa sura?"

Kamaludin akajinyoosha. Amekuwa jirani yangu miaka thelathini. "Wallahi, Bwana, sijapata kumuona. Bi Alawiya ni mtu wa heshima. Ningemuonaje?"

"Mkeo anijua," nikamwambia. "Mwite."

"Mke wangu hatoki mtana."

Alilisema hilo la kutotoka mchana kwa fahari, na ilikuwa fahari ile ile ya baba yangu. Wanawake mia wa mji huu wangeniapia, na wote walikuwa nyuma ya kuta.

Nikabaki na mwanamume mmoja tu aliye hai ambaye aliwahi kuniona uso. Nikamgeukia Wazir, na mbele ya karani na Kamaludin, mimi ambaye hata kivuli changu kilifichwa, nikainua kitambaa. Kamaludin akageuza uso upesi. Wazir hakugeuza. Alinitazama, na midomo ikamcheza kama alipokuwa mtoto akitaka kulia. Nikadhani nimempata.

"Bwana Fanuel," akasema, "wewe mwenyewe umekaa dakani kwetu. Dada yangu alitoka hata kukuamkia? Dada yangu hukaa nyumbani, hatembei ndiani. Huyu simjui."

Bwana Fanuel akatikisa kichwa kukubali. Akangoja saa ipige, akagonga muhuri.

Jerioth alinifuata nje. "Nikupeleke kwenu, mama? Kwenu ni wapi?"

Nikamwambia ndia naijua sasa. Nikaupanda mfereji ule ule, kitambaa kikiwa bado juu, mpaka kwenye mlango wa maua. Sikuingia. Niliketi dakani, penye viti vya mawe ambako wanaume walikaa na mimi nikiwasikiliza kwa ndani miaka yote hiyo, jua likinipiga usoni.

Kamaludin alipita akirudi kula kwa mkewe. Aliniona, akasimama mbali, macho chini, akashusha sauti kwa adabu.

"Ondoka hapo, Bi," akasema. "Bi Alawiya yumo ndani. Utamtia khofu."