Vidole vya Kocha Tindwa

Usiku wa jana niliota nimefika kwenye geti la uwanja wa Majembe, mchana kweupe, na askari wa getini hakutaka tiketi. Aliweka mkono mmoja nyuma ya mgongo wake akaniuliza:

"Vidole vingapi?"

"Sivioni, afande."

"Sijakuuliza kama unaviona."

"Saba," nikasema.

"Sahihi. Ingia. Anayefuata."

Nyuma yangu alikuwepo mzee asiyeona, na fimbo yake. Yeye alisema kumi na moja, naye akapita.

Kabla sijaendelea niseme kwa nini vidole vinanifuata hata usingizini. Mdogo wangu, Egno Luambano, alikuwa beki wa kati wa Majembe, jezi namba sita. Mashabiki walimwita Kizingiti. Katika mechi yake ya mwisho aligongana vichwa na mshambuliaji wa timu ngeni, akaanguka, akatulia pale chini. Alipoinuka, Kocha Tindwa alimwita kwenye mstari, akamwonyesha vidole, akamuuliza ni vingapi. Egno akajibu. Kocha akamsukuma begani arudi, naye akarudi, akacheza mpaka filimbi ya mwisho. Alifika nyumbani akatapika, akasema anajilaza kidogo, na hatukuweza kumwamsha tena.

Mimi nilikuwa jukwaani. Niliuona mgongo wa kocha na koti lake. Vidole sikuviona.

Kwenye matanga nahodha wa timu aliniambia alimsikia Egno akijibu "vinne". Kocha naye alikuja, na mchele na sukari. Akasema, "Alijibu sawasawa, dada. Mengine ni mipango ya Mungu." Nikamuuliza vilikuwa vingapi. Akasema msiba si mahali pa kuulizana hesabu, na wazee waliokaa naye wakaitikia kwa vichwa. Walipoondoka, nahodha aliniachia jezi ya Egno kwenye mfuko wa kaki, haijafuliwa. Niliuweka mfuko juu ya kabati. Nilikuwa sijaufungua.

Narudi kwenye ndoto.

Nimekaa jukwaani. Pembeni yangu yuko Nditi, fundi cherehani, katibu wa tawi letu la mashabiki. Hata tukiwa macho, Nditi huanza kumsema kocha kabla hajakaa. Leo amefungwa bandeji kichwa kizima, ameacha mdomo tu, na anakula muhindi wa kuchoma.

"Karibu, dada Kolumba," anasema. "Leo kikosi kimetimia."

Natazama uwanjani. Kuna mguu wa kulia unakimbia peke yake pembeni, umevaa soksi na kiatu.

"Yule ni nani?"

"Sadoki. Kocha kasema Sadoki yuko fiti nusu, kwa hiyo kaingiza nusu."

"Na nusu ya pili?"

"Ile pale kwenye benchi, imevaa koti."

"Inayocheza ni nusu ipi?"

"Ile inayouma."

Mguu ukapiga krosi. Ilikuwa krosi nzuri. Watu wa nyuma yetu wakasema mguu huu unacheza vizuri kuliko ulipokuwa na mwenyewe. Golini, kipa amefungwa plasta mwili mzima, wamemsimamisha kama mlango unaosubiri fundi.

"Kocha huyu," anasema Nditi, "ukimpa mochwari leo, Jumamosi anakutolea kikosi."

"Na anashinda?"

"Anatoka sare."

Halafu namwona Egno. Yuko katikati ya uwanja, taulo lililolowa kichwani, anawapanga wenzake kwa mikono kama kawaida yake. Mechi ni ile ile. Matokeo ni bao moja kwa moja. Katika ndoto najua jambo moja tu, na nalijua kwa hakika: akitolewa kabla ya filimbi ya mwisho, jioni atakula makande nyumbani.

Nasimama. Nashuka ngazi kumfuata kocha.

Ngazi za jukwaa zinaishia jikoni kwetu. Jiko la mkaa limewashwa, sufuria ya makande iko juu yake, na kando ya jiko imekaa ndoo ya bluu ya Majembe, ina sponji ndani.

Hili si la ndoto: Majembe haikuwa na daktari, ilikuwa na ndoo. Mchezaji akiteguka, ndoo. Akichanika, ndoo. Kijana akilala chini bila kutikisika, unaiona ndoo inakimbizwa uwanjani, maji yanaruka njia nzima, na ikifika imebaki nusu.

"Shikamoo, daktari," nikasema, kwa sababu ndoo ilikuwa imevaa koti jeupe.

"Marahaba. Una miadi?"

"Sina. Daktari, udaktari ulisomea wapi?"

"Bombani."

"Ulimtibu mdogo wangu."

"Nilimmwagikia. Nilifanya yote yaliyokuwa ndani ya uwezo wangu, na ndani yangu mlikuwa na maji."

"Hukuona hali yake?"

"Niliona. Nikamwambia kocha: mwalimu, huyu apelekwe hospitali. Mwalimu akanimwaga."

"Vidole vilikuwa vingapi?"

"Wakati huo nilikuwa nimekwisha kumwagwa," ndoo ikasema. "Nilikuwa chali, natazama mawingu. Muulize machela, yuko nyuma ya mlango."

Machela ilisimama kati ya fagio na mwiko mkubwa wa shughuli. Ilikuwa bado kwenye nailoni yake ya dukani.

"Mimi sijaona kitu," ikasema kabla sijauliza. "Sijawahi hata kuona uwanja. Mwalimu anasema machela ikionekana, wachezaji wanashikwa na hamu ya kulala."

"Twende leo."

"Leo? Na hivi nilivyo?" Ikajikung'uta vumbi. "Kubeba kwenyewe sijui. Nikimwangusha je?"

"Humwangushi. Ameshaanguka."

Nilishika upande mmoja. Upande wa pili ulijishika wenyewe. Tukafungua mlango wa jikoni, tukatokea kwenye mstari wa uwanja.

Jukwaa lilipotuona likacheka.

"Dada, kitanda hicho unampelekea nani?"

"Mwacheni, kahamia. Muulizeni kama kaja na neti."

Mwamuzi wa mezani akainua kibao cha dakika za majeruhi. Majeruhi waliokuwa benchi wakamuuliza kama hizo dakika ni zao. Akawajibu kwamba si zao. Wakakaa.

Kocha Tindwa amesimama ndani ya mstari wa chokaa, umemfika magotini kama mtu anayevuka kijito. Mkono wake wa kulia uko mfukoni mwa koti, na mfuko umeshonwa juu yake kwa uzi mweusi.

"Kocha, mtoe Egno."

"Majembe haina wagonjwa, dada. Ina wavivu."

Hata redioni alikuwa akisema hivyo, na watangazaji walikuwa wakicheka.

"Ameumia kichwa."

"Kwani anachezea kichwa?"

"Ni beki wa kati, kocha."

Akafikiri. "Basi apigie upande mwingine."

"Mtoe, nakuomba. Nimekuja na machela."

"Mimi si dikteta," akasema. "Tumuulize mwenyewe."

Hapo ndipo mtego ulipo, katika ndoto na nje ya ndoto. Kocha Tindwa hakuwahi kumlazimisha mchezaji. Alimuuliza. Alimuuliza kwa sauti, mbele ya benchi, mbele ya jukwaa zima, uko sawa au hauko sawa. Na kijana gani wa kwetu atajibu mbele ya watu kwamba anaumwa? Tangu wakiwa watoto, wakikwaa jiwe, wakichomwa sindano, wakifiwa, tunawalea kwa neno moja: kaza. Kocha alilikuta neno tayari limepandwa. Yeye alikuwa anavuna.

Egno anakuja. Taulo linachuruzika maji. Ananitazama, halafu anatazama pembeni yangu pasipo na mtu.

"Shikamoo, dada," akaniambia. Kisha akageukia pale pembeni. "Shikamoo, dada."

"Marahaba. Huyo mwingine unayemwamkia ni nani?"

"Ni wewe. Mko wawili. Hata siku ile jukwaani mlikuwa wawili, mmevaa kitenge kimoja. Nikasema afadhali, leo tumejaza uwanja."

Nilitaka kukaa chini, lakini machela ilinishikilia.

"Egno, lala hapa. Nitakubeba."

"Usinitie aibu, dada. Watu wanatazama."

"Watazame. Makande yako motoni."

"Umeweka karanga?"

"Nimeweka."

Akatabasamu kidogo, upande mmoja wa mdomo. Kisha akatazama benchi: nusu ya Sadoki, goti la mtu, bega lililofungwa barafu, vyote vimevaa makoti ya timu. "Nikitoka ataingia nani? Benchi lenyewe ndilo hilo."

"Siku ile ulijibu vingapi?"

"Vinne."

"Vilikuwa vinne?"

"Mimi niliviona vinne, dada. Vilikuwa vimepangana vizuri kabisa."

Halafu, kwa sababu kocha alikuwa anasubiri na jukwaa limenyamaza, Egno akanyoosha mgongo, akasema kwa sauti ya kiume, "Niko sawa, mwalimu."

Niliuachia upande wangu wa machela, nikaushika mfuko wa koti la kocha. Uzi haukukatika. Nikauuma kwa meno, haukukatika. Kocha alinitazama kwa subira, kama mtu anayepimwa suti.

"Dada Kolumba," Nditi aliita kutoka juu, muhindi mkononi, "ushonaji wenyewe wa kubahatisha huo. Usikate. Vuta uzi wa chini."

Nikavuta uzi wa chini. Mfuko ukafumuka wote kwa mara moja, na mkono ukatoka. Ulikuwa mweupe wa chokaa hadi kwenye kiwiko, na ulionekana umechoka.

"Vilikuwa vingapi?" nikauuliza.

"Mimi ni mkono," ukasema. "Nafanya ninachotumwa."

"Sikulaumu. Nakuuliza."

Mkono ukamtazama mwenyewe, kisha ukanitazama mimi.

"Viwili. Cha shahada na cha kati."

"Naye akasema vinne."

"Akasema vinne. Tulisikia wote."

"Mkasema nini?"

"Kinywa kilisema sawa. Mimi nilimsukuma begani, kwa vidole vile vile. Sikuwa nimevikunja hata. Nilikuwa nimetoka kushika chini kwenye mstari, chokaa ilikuwa bado mbichi."

Kocha Tindwa alikuwa anausikiliza mkono wake kama mtu anayesikia umbea wa mtaa wa pili.

"Msiba si mahali pa kuulizana hesabu," akasema.

"Hapa si msibani, kocha."

"Bado," akasema, akatazama saa yake.

Akamsukuma Egno begani, taratibu, wala hakutumia nguvu. Egno akageuka akaenda. Niliudaka mpini wa machela, nikakimbia nyuma yake, na nyasi zikawa mikeka. Sebule yetu imejaa akina mama wa msibani wamenyoosha miguu, na Egno anaruka miguu yao mmoja baada ya mwingine akimfuata mshambuliaji. Hata mmoja hakumkanyaga. Mama wa mwisho, bila kuinua uso, aliniambia, "Punguza mwendo, mwanangu. Kizingiti hakisogei." Kweli alikuwa amesimama, mbele ya mlango wa chumba changu, mikono ameitandaza kuzuia mtu asipite.

Nikanyoosha mkono nimguse begani.

Filimbi ikapulizwa.

Niliamka asubuhi imeshaingia, jua liko kwenye pazia. Redio ya jirani ilikuwa inasoma habari za michezo. Majembe wanacheza Jumamosi. Wakamweka kocha mwenyewe azungumze, na sauti yake ilipita ukutani vizuri kabisa: kikosi kizima kiko fiti, hatuna majeruhi hata mmoja, vijana wana ari. Mtangazaji akacheka, akamshukuru.

Nikapanda juu ya stuli, nikauteremsha mfuko wa kaki. Jezi ilikuwa imekakamaa kwa tope na jasho, imejikunja vile vile nahodha alivyoikunja. Niliitandaza kitandani. Mbele kulikuwa na doa la nyasi, na damu kidogo kwenye ukosi, ambayo niliitarajia.

Nikaitazama begani.

Upande wa kushoto, pale ambapo mtu husukumwa arudi uwanjani, kulikuwa na alama za chokaa. Zilikuwa mbili, zimekaa sambamba, hazikufutika. Nikaweka juu yake kidole changu cha shahada na cha kati. Vya aliyemsukuma ni vinene kuliko vyangu, lakini idadi ni ile ile.