Chupa ya Rael

Godoro la Rael halikuanikwa nje. Katika ploti yao ya vyumba vya kupanga huko Riruta, nyumba zote zinatumia waya mmoja wa kuanikia, na chochote kinachoning'inia pale ni habari ya kila mtu. Mara ya mwisho Naliaka alipolitoa juani, Mama Kiilu wa mlango wa pili alipaza sauti, "Mama Rael, siku hizi mnafuga samaki huko ndani?" Ploti nzima ikacheka. Rael, mwenye miaka minane, alisimama mlangoni na sare zake za shule, macho kwenye viatu. Tangu hapo godoro lilikaukia nyuma ya kabati, na harufu yake ikawa ya nyumba.

Ndiyo maana asubuhi ile ya chupa Naliaka alidanganya.

Watafiti walikuwa wamefika shuleni kwa kina Rael. Walitaka watoto wazima, wasiougua chochote, wapime mkojo wao na kujua kiwango cha kawaida cha kalsiamu, yale madini ya mifupa, kwa watoto wa hapa. Vipimo walivyokuwa wakitegemea vilitoka kwa watoto wa ng'ambo. Kila mzazi alipewa chupa ya kuleta mkojo wa asubuhi. Lakini Naliaka alipomwamsha Rael, mkojo wa asubuhi ulikuwa umeshanywewa na godoro. Mtoto alijikamua chooni, lakini hata tone halikutoka. Sasa amwambie nini muuguzi anayepokea chupa, na foleni ya getini mwa shule ina wazazi wa ploti nzima, Mama Kiilu akiwa mbele? Akaingia chooni mwenyewe, akaijaza chupa, akaizungushia gazeti.

Siku chache baadaye, simu ilimkuta Kenyatta Market, vidole vimezama kwenye nywele za mteja.

"Si upokee!" alisema Jackie, msusi mwenzake. "Kama ni mume wa mtu, mwambie uko kazini."

Alikuwa Sista Zainab, muuguzi wa utafiti, na Kiswahili chake cha pwani kisicho na haraka. "Mama Rael, usishtuke. Kalsiamu ya mwanao iko juu mno. Huenda ni mawe yanaanza kwenye figo, huenda si kitu. Mlete kesho tumtoe damu, kisha apigwe picha."

Vidole vilisimama. Naliaka alikuwa mjamzito, na kila siku alimeza vidonge vya kalsiamu alivyopewa kliniki. Alijua palepale kalsiamu iliyo juu ni ya nani. Lakini Jackie alikuwa amenyamaza ili asikie vizuri, na mteja naye ametega sikio.

"Sawa, Sista," alisema. "Nitamleta."

Kesho yake, Rael alipouliza wanakwenda wapi, alimjibu, "Hospitali. Ni huo mkojo wako."

Njia nzima alijiambia ni damu kidogo tu, majibu yatatoka mazuri, yataisha. Bado alikuwa akijiambia hivyo Sista Zainab alipofunga mpira kwenye mkono wa Rael na kuutafuta mshipa. Mtoto hakulia. Aliunyoosha mkono mwenyewe.

"Sista," aliuliza, "ukinidunga sitakojoa tena kitandani?"

Muuguzi alimtazama mama. Naliaka alihisi uso unawaka mpaka masikioni.

"Subiri, Sista. Usimdunge. Ule mkojo ulikuwa wangu."

"Wako?"

"Yeye alikuwa ameshalowesha. Nina mimba, nameza vidonge."

Sista Zainab aliweka sindano chini. "Wajua tulikuwa tunatafuta nini? Kiwango cha mtoto mzima. Lau ningeyaamini majibu yako na nikamwona Rael hana maumivu, ningemwandika mzima, na kiwango hicho kikahesabiwa cha kawaida. Kisha mtoto mgonjwa wa kweli aje hapa, aambiwe hana neno, kwani Rael alikuwa na kalsiamu zaidi yake."

Sista Zainab aliufungua mpira kwenye mkono wa Rael.

"Na kisa ni kitanda? Wa umri wake wako wengi, bibi. Wengi huacha wenyewe. Ungeninong'oneza tu, tungengoja mkojo wa mchana."

"Niliona haya."

"Mama," Rael alisema polepole, "uliniambia ni wangu ndio mbaya."

Hilo lilimchoma kuliko yote ya Sista Zainab. "Nilikudanganya. Nisamehe, mwanangu."

Walipewa chupa nyingine. Rael alikunywa maji, wakangoja kwenye benchi, kisha akaingia chooni peke yake na kutoka ameishika kwa mikono miwili.

"Shika. Huu ni wangu kweli."

Ilikuwa bado na joto. Naliaka alitafuta kitu cha kuifunika, na hapo ndipo alipomwona Mama Kiilu ukumbini, amefuata majibu ya mwanawe.

"Mama Rael! Si mlishapeleka, au mtoto ana shida?"

Rael alijificha nyuma ya sketi ya mama yake.

"Mtoto hana shida," Naliaka alisema. "Chupa ya kwanza niliweka mkojo wangu."

"Wako? Wa mtu mzima?" Mama Kiilu alipiga makofi, akaangua kicheko, na ukumbi wote ukageuka. Naliaka alipita katikati yao, uso moto, chupa mkononi bila gazeti, na kwa mkono wa pili akamshika Rael.