Asimeze Kitu Kingine

Mfamasia wa hospitali ile alikuwa amechoka uchovu usiotibika kwa kulala. Tangu mwenzake aende likizo ya uzazi, dirisha la dawa lilikuwa lake peke yake, na foleni haina huruma: ukimaliza mmoja, wanaota watatu. Maelezo aliyatoa kama kasuku, kichwa hakiinuki.

Aliyemwinua kichwa ni fundi cherehani mmoja. Mtu huyu alikuwa na maradhi mawili: homa ya ini aina ya C, na ugonjwa wa akili uliomletea sauti zisizo na mwenyewe. Dawa za akili alizimeza kwa miaka, akatulia, akashona. Vidonge vya ini alivianza juzijuzi tu, akawa anavifuata kila wiki pamoja na dada yake mkubwa, na mdomo wake haukuwa na likizo.

"Daktari, hilo koti lilikatwa na nani, adui yako?"

Mfamasia alikuwa akicheka, na siku ikasogea.

Wiki hii fundi hakutania. Alisimama mbali na dirisha, midomo ikichezacheza, shati amelivaa ndani nje. Fundi mzima, shati ndani nje! Mfamasia aliiacha foleni inung'unike, akawaingiza chumba cha nyuma, kwenye maboksi ya dawa.

"Analala?"

"Halali," dada mtu alisema. "Anasema vidonge vyako vina sumu. Mpaka nimlazimishe."

"Na zile za akili, anameza?"

Dada mtu alimkodolea macho. "Si ulitukataza?"

"Mimi?"

"Siku ya kwanza, pale dirishani. Ulisema asimeze dawa nyingine yoyote, ini litaumia. Nikazifungia kabatini. Hata alipoziomba sikumpa."

Mfamasia akakaa juu ya boksi. Sentensi yenyewe aliijua, aliwaambia wote: asimeze dawa nyingine yoyote bila kuniuliza. Alimaanisha za dukani na za mitishamba. Zile za akili alikwisha kuzikagua mwenyewe, hazikugombana na za ini, ila kulisema hilo alisahau. Na hayo maneno ya mwisho, "bila kuniuliza", huenda aliyatamka jicho likiwa limeshahamia kwa mgonjwa mwingine. Aliona aibu, na uchovu haukumpa pa kuiweka.

Alimpigia simu daktari wa akili. Akaambiwa dawa irudishwe, ianze kidogo kidogo, na ya ini isikatizwe. Rahisi kusema. Akaweka vidonge viwili kiganjani, kimoja cha akili na kimoja cha ini, akamnyooshea fundi pamoja na maji.

"Hiki cha kichwa nipe," fundi alisema taratibu. "Hicho kingine hapana. Nyinyi leo mnasema hivi, kesho vile."

"Kweli, kaka. Niliyesema vibaya ni mimi."

Kidonge cha kichwa fundi alikimeza. Cha ini alikifumba mkononi, hakukimeza wala hakukitupa.

Nje watu walianza kugonga kioo cha dirisha. Mfamasia hakuinuka.

Dada mtu alikuwa analia kimyakimya, mtandio mdomoni. "Kwa hiyo ni mimi niliyemharibu ndugu yangu?"

"Hapana, dada," mfamasia alisema. "Wewe ulinisikiliza."